Sanduku Nyuma ya Kamioneti

Kabla ya sanduku kulikuwa na pilipili. Mume wangu alizisaga mwenyewe, zile ndogo nyekundu ambazo mama yake alikuja nazo kutoka Kilwa yetu ya ziwani, akazichanganya na mafuta ya mawese, akapaka usukani wote wa kamioneti yetu, juu na chini, kwa kipande cha nguo. Alisema mwizi akishika pale halafu ajipanguse jasho usoni, hatafika hata barabara ya lami. Nikamwambia, "Baba ya batoto, na weye asubui utashika wapi?" Akanijibu kwamba yeye ana akili, atakumbuka. Asubuhi hakukumbuka. Alitoka ndani ya gari akipiga mayowe, macho ameyafumba, anapapasa hewa akitafuta ndoo ya maji, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ee, nilicheka sana. Wakati ule bado tulikuwa na moyo wa kucheka.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Makomeno, katika nyumba ambayo mume wangu aliipata alipokuwa na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa imekufa. Kampuni ilianza kwa kuchelewesha mshahara, ikaendelea kwa kutoa ahadi, mwishowe hata ahadi zikaisha na geti likafungwa. Tulichobaki nacho ni ile kamioneti. Zamani ilikuwa nyeupe. Mlango mmoja ulikuwa wa buluu kwa sababu ulitoka kwenye gari nyingine, na kioo cha upande wangu kilikuwa hakishuki. Kwa kamioneti hiyo tulikuwa tunapanda mpaka Kilwa kununua samaki wakavu wa ziwani, barabara mbaya ya kuvunja mgongo, halafu nauza kule sokoni, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu, si nchi. Unga wa watoto, masomo yao, sabuni, dawa za mama-mkwe wangu, vyote vilitoka chini ya boneti ile. Kamioneti ikienda, sisi tumekwisha. Hakuna mtu nyumbani ambaye hakulijua jambo hilo.

Na magari yalikuwa yanakwenda, mawe! Wanajeshi nao walikuwa hawalipwi. Walivunja maduka ya katikati ya mji, wakabeba hadi masinki na nyaya za ukutani, na maduka yalipobaki kuta tupu wakageukia magari. Waliita kazi hiyo kukopa kwa ajili ya serikali. Magari ya Makomeno yakaanza kung'oka moja moja kama meno ya mzee, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila gari lilipoondoka watu waliulizana kwa sauti ya chini: nani aliwaonyesha?

Hilo ndilo lililotuharibu. Si gari kuchukuliwa, bali kujua kwamba kuna mtu anayeonyesha. Mwanajeshi aliyetoka upande mwingine wa nchi angejuaje kwamba nyuma ya malata, mabati yanayozunguka lupangu la mtu, yaani ua wake, kuna gari linalowaka? Basi kila jirani akawa ni yeye. Ukimsalimia mtu unamtazama mkono, unaangalia anachonyooshea kidole. Mimi mwenyewe nilianza kufunga geti kabla ya kujibu hodi.

Mume wangu ndiye aliyezidi. Alifunga mnyororo kutoka ekseli ya nyuma hadi mti wa avoka, na kufuli, kadena ya ukubwa wa mkate. Akatundika makopo ya maziwa kwenye waya ili yalie mtu akigusa mlango. Kila jioni akafungua boneti na kutoa kile kidole kidogo cha ndani ya delko kinachogawa moto. Bila hicho injini inakohoa tu, haiwaki. Sawa, akili nzuri. Lakini alikataa kuniambia anakificha wapi. Mimi, mke wake, niliyemzalia! Siku moja nilikikuta ndani ya kopo la chumvi, nikamwekea mezani kando ya bukari, ugali wake. Badala ya kuona haya akaniuliza, "Nani alikutuma kutafuta?" Siku hiyo tulikula kila mtu na sahani yake.

Ng'ambo ya barabara alikaa jirani yetu, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu, mtu wa kanisa, mwenye lori la kubeba sukari na mafuta. Yeye alikuwa na mnyororo mnene kuliko wetu, na mbwa pia. Walikuja mchana mweupe, wakapiga kadena risasi moja, mbwa akakimbilia kwetu, lori likaondoka. Pale ndipo tulipoelewa. Mnyororo na makopo ni vya kumtisha mwizi, maana mwizi anaogopa kelele. Hawa walikuja na kelele zao mikononi.

Tangu siku hiyo yule jirani akawa anakaa getini kwake juu ya kiti cha plastiki, anatazama kwetu. Kila asubuhi aliniita, "Jambo mama! Mutuka yenu iko?" Hivyo tu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Nilimjibu iko. Alitutakia mema, au alikuwa anahesabu siku tutakazofanana naye? Sikumwamini. Naye, nadhani, hakutuamini, kwa sababu sisi bado tulikuwa na gari na yeye hana, na katika siku zile hilo lilitosha kumfanya mtu ashukiwe.

Wazo la sanduku tulilipata kwenye bariera. Tulikuwa tunatoka Kenya, mimi na mume wangu, na magunia machache ya samaki yaliyobaki. Wanajeshi walikuwa wamefunga kamba barabarani. Mbele yetu kulikuwa na kamioneti nyingine imefungwa majani mabichi mbele na ubavuni, kama kila gari la kilio hapa kwetu, na nyuma wamama wanaimba wamezunguka sanduku la maiti lenye kitambaa cheupe. Yule mwanajeshi wa kamba, ambaye macho yake yalikuwa mekundu toka asubuhi, alivua kofia. Akashusha kamba mwenyewe, akaiweka chini ya kiatu mpaka wakapita. Tulipofika sisi akachukua gunia la samaki na kutuuliza kama breki za gari zinashika vizuri. Kwa nini aulize breki, kama si kwamba gari ameshalitamani? Mume wangu alingoja mpaka tulipoingia kwetu na geti likafungwa.

"Uliona?" akaniuliza.

"Niliona samaki yangu inaenda."

"Hapana. Uliona bale ba kilio? Hata kofia alitosha."

Siku chache baadaye tulikwenda kwa fundi wa mbao, kule Kenya. Mafundi wa wakati ule walikuwa wameacha meza na vitanda, wanatengeneza masanduku ya wafu tu, yamesimamishwa ukutani kama milango. Mimi nilivuka barabara kununua makaa ya kupikia. Nilipogeuka niliona fundi anauliza kitu, na mume wangu anageuka kunitazama pale nilipo, kisha anainua mkono wake usawa wa kifua, anausogeza kidogo juu, anaukubali. Nilidhani ananiuliza kama nimemaliza. Nikampungia mkono kwamba ndiyo, nimemaliza.

Sanduku lilipofika nyumbani, mama-mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Huyu ni mama wa mume wangu, mjane wa mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Tulimleta kutoka Kilwa kwa sababu ya miguu yake. Zamani alikuwa mwanamke mrefu wa kuinama kila akipita mlangoni. Uzee ulikuwa umemkunja, sasa alipita bila kuinama. Alitazama mtoto wake na fundi wakilishusha sanduku, akaacha maharage.

"Ile iko ya nani?"

"Ni ya kulinda mutuka, mama," mume wangu akamwambia. "Haina mufu. Ni ya kutisha basoda ba kwenye bariera."

"Sanduku haikalake bule," mama akasema. "Inamungoyaka mwenyewe."

Akatutazama mmoja mmoja, kama anayemtafuta huyo anayengojwa. Mume wangu, mwanaume wa nguvu. Mimi, wa mwili mfupi lakini mwenye afya ya kupakia magunia. Watoto, wanaruka kamba. Halafu akajitazama mikono yake. Nilimwona akijitazama, na nilikasirika palepale, kwa sababu nilijua mawazo yake yameelekea wapi na sikuwa na neno la kuyarudisha.

Tuliliweka nyuma ya kamioneti, kifuniko juu bila misumari, kitambaa cheupe juu yake, matawi mabichi kwenye bampa. Kosa letu lilikuwa kusahau tunaishi wapi. Hapa kwetu huwezi kuweka majani na sanduku ukafunga mdomo. Kabla jua halijapanda wamama wa kanisa walikuwa wanaingia lupangu letu wakilia, mikono kichwani, mmoja na kuni, mwingine na unga, mwingine ameshatandika mkeka na kuvua viatu. Walimkuta mama-mkwe wangu amekaa mlangoni, wakashtuka, maana kila mmoja njiani alikuwa ameshakubaliana na mwenzake kwamba aliyekufa ni yeye.

"Sasa nani alikufa?" akauliza kiongozi wao.

Nikasema hakuna mtu. Nikaeleza habari ya gari, ya bariera, ya kofia. Nilieleza vizuri, naapa. Walinisikiliza mpaka mwisho, halafu kiongozi wao akavaa viatu vyake.

"Kwa hiyo munaweka kilio, halafu mufu atakuya nyuma? Munamwita nani, mama? Sema jina, tujue wa kuombea."

Waliondoka na unga wao. Kabla ya jioni mtaa wote ulikuwa na habari kwamba nyumbani kwetu kuna sanduku linalosubiri. Wengine walisema mume wangu ameingia mambo ya giza ili gari lake lisichukuliwe, na kwamba buloji, uchawi wa namna hiyo, lazima ulipwe kwa mtu wa nyumbani. Jirani wa ng'ambo akabadilisha salamu. Sasa alisema, "Jambo mama! Bote muko?"

Lakini lilifanya kazi, shetani lile! Kwenye bariera walituona kwa mbali wakashusha kamba. Tulipotoka Kilwa na samaki wamejaa chini ya turubai kando ya sanduku, harufu ilitutangulia, na mwanajeshi mmoja alifunika pua kwa mkono na kupiga kelele, "Pita! Pita mbio! Mulikawiya wapi na huyu muntu?" Mume wangu akafanya uso wa huzuni. Mimi nilijifunika kitenge nikatikisika mabega, na watu wote waliona nalia. Nililinda jambo moja tu: samaki wangu hata mmoja asiingie ndani ya sanduku. Nina mipaka yangu.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Mama-mkwe wangu aliacha kula kwangu.

Hakugomba. Ningependa agombe, mimi najua kugombana. Alisema tu kwamba hana njaa. Nikapika sombe, majani ya muhogo, akasema mawese yanamchoma. Nikampikia samaki wa kwao, akasukuma sahani kwa mjukuu na kutazama mjukuu anavyokula. Halafu nikamkuta nyuma ya jikoni anajichomea viazi vitamu juu ya vijiti, amevificha chini ya kitenge nilipotokea. Maji alichota mwenyewe kwenye bomba, na miguu ile! Akilala aliweka kigoda nyuma ya mlango. Mashavu yake yakaingia ndani. Shingo ikabaki kamba tupu.

Siku moja nilimkuta uani, amesimama kando ya kamioneti na uzi mrefu mkononi. Alikuwa amepima sanduku kwa ule uzi, kutoka kichwani hadi miguuni. Sasa alikuwa anajipima mwenyewe, ameukanyaga kwa kidole cha mguu, anajaribu kunyoosha mgongo usionyooka. Uzi ulimpita, kisha ukapungua, akaanza upya. Hakupata jibu. Aliponiona aliukunja akautia kifuani.

"Mama," nikamwambia, "unafikiri miye naweza?"

"Miye sifikiri kintu," akajibu. "Naona tu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Niseme wazi: nilimpenda yule mama. Nilipoolewa sikujua kitu, yeye ndiye alinifundisha kuchagua samaki kwa kunusa matamvua. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mgonjwa msimu mzima wa mvua, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni usiku na mchana ili mimi nipate usingizi. Na sasa alinitazama kama mtu anayemtazama nyoka kwenye paa. Ilinikata.

Na niliogopa pia, kwa ajili yangu mwenyewe. Mama huyu akifa kwa njaa, na sanduku liko uani tangu kabla hajaugua, na mtaa mzima umeliona, nani ataamini habari za bariera? Watu wa Kilwa wangeshuka wote. Wangesema mke ndiye aliyemla kwa uchawi. Ningetolewa katika lupangu lile bila hata sufuria, na watoto wangu wangebaki ndani ya geti. Nimeona wanawake waliotolewa hivyo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo kila sahani iliyorudi imejaa niliiona kama karatasi ya kufukuzwa kwangu.

Nilimwambia mume wangu, "Sanduku inatoka, ao miye natoka."

"Ikitoka sanduku, mutuka nayo inatoka."

"Basi itoke! Mama yako anakufa hapa."

"Na batoto batakula nini? Batakula mama?" Halafu akajisikia alichosema, akashika kichwa. Akakaa juu ya tairi la akiba. Mwishowe akasema sawa, Jumamosi atalirudisha kwa fundi. Alilisema kwa sauti, na mama-mkwe wangu alikuwa dirishani.

Jumamosi asubuhi mume wangu alifungua mnyororo. Akaingia ndani kutafuta kidole cha delko mahali alipokuwa amekificha safari hii. Mimi nilikuwa nyuma naosha masufuria, niko juu ya kopo langu la rangi, maana karo la kuoshea vyombo la nyumba ile lilijengwa kwa watu warefu. Nikasikia geti la malata linapigwa teke, nikakimbilia mbele na sufuria mkononi.

Walikuwa wanajeshi watatu. Mmoja alikuwa na bunduki, mmoja amevaa sandali za plastiki za mwanamke, na mkubwa wao alikuwa na kijiti cha kusafishia meno mdomoni. Nyuma yao, ng'ambo, jirani yetu alikuwa amesimama kando ya kiti chake, mikono imefungwa kifuani. Mume wangu alitoka mlangoni na kile kidole cha delko ndani ya ngumi.

"Batu banasema hapa kuko sanduku ya bongo, ya kudanganya basoda," mkubwa akasema. "Kila siku iko hapa, haizikwe. Njo kilio gani hii?"

Mume wangu alificha ngumi nyuma ya mgongo. Mimi nilisimama na sufuria mkononi, mapovu yanadondoka kwenye miguu yangu. Nilijua tumekwisha. Niliona watoto wangu wana njaa, hivyo, wazi, mbele ya macho. Na hapohapo nikamtazama jirani, nikamlaani kimoyomoyo.

Mkubwa alikanyaga gurudumu la nyuma akapanda. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Nililiona hilo, nikashangaa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekiweka sawa. Alikamata kitambaa cheupe akakivuta kama mtu anayefunua chungu.

Mama-mkwe wangu alikuwa ndani.

Amelala chali, mikono juu ya kifua, mashavu yameingia, midomo mikavu, jicho moja limebaki wazi kidogo. Nzi alitembea juu ya mdomo wake wa chini, akafika pembeni, akarudi. Hakuna kilichotikisika.

Sikujua kwamba nina sauti ile. Niliacha sufuria, nikapanda gari sijui kwa wapi, nikamsukuma mwanajeshi kwa bega. "Yoo, mama! Mama yangu! Juu ya nini unanifanya hivi? Nilikupikia! Nilikupikia kila siku, mama yangu, ulikatala! Nani atanibebea batoto, mama?" Nilishika miguu yake, ikawa baridi, au mikono yangu ndiyo ilikuwa baridi ya maji. Sikuwa nafanya mchezo wa bariera. Nilikuwa nimefiwa.

Mkubwa alikuwa ameshashuka. Kijiti kilikuwa kimeanguka mdomoni. Alifanya ishara ya msalaba, na yule wa sandali akafuata, kwa mkono wa kushoto.

"Alikufa na nini?" akamuuliza mume wangu.

Mume wangu alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye udongo. Naye aliamini. Alisema kitu kimoja, na kilikuwa kweli tupu: "Alikatalaka kula."

Wale watatu walitazamana. Siku zile kulikuwa na magonjwa mengi yanayoanza hivyo. Yule wa bunduki alianza kurudi kinyumenyume. Mkubwa akasema, "Mupole, mama, mupole sana," akashika geti kwa ncha za vidole, akalifunga vizuri nyuma yao, kama mgeni mwenye adabu. Hatukusikia hata wanaongea barabarani.

Jirani wetu ndiye aliyeingia baada yao. Kofia mkononi, macho yana maji. "Pole, baba. Pole, mama. Nilikuwa nasema, huyu mama..."

"Balisha kwenda?" ikauliza sauti kutoka kwenye sanduku.

Akakaa. Kitambaa kilikuwa kimemnasa kichwani. Jirani alitoka na mguu mmoja wa kiatu, mwingine ulibaki kwetu mpaka mvua zikauharibu, hakuja kuuchukua. Alipiga kelele kwa lugha ya kwao, na mpaka leo sijui kama alikuwa anamwita Mungu au anaomba msamaha. Sijui kama ni yeye aliyetuonyesha. Baadaye nilimsalimia kila siku, nikamtazama mkono kila siku.

Nilimshika mama-mkwe wangu mabega nikamtikisa, nacheka na kulia, namtukana, ndiyo, nilimtukana. "Mama, unafanya nini mule? Unataka nife?"

"Nilitaka kujua kama iko yangu, mbele ibebwe kwa fundi," akasema. "Uzi ilinichanganya. Nikapanda na kigoda, nikasema nilale mule, nione. Kisha nikasikia teke ya geti, nikajifunika." Alijikanda magoti. "Iko mufupi. Magoti ilibaki ya kukunjwa, kichwa inagonga mbao. Haiko yangu."

"Nilikuambia!"

"Uliniambia." Akanitazama uso wangu uliolowa. "Na nilisikia namna ulilia. Hapana, mwana wangu. Muntu hawezi kulia vile na bongo." Akanipangusa shavu kwa ukingo wa kile kitambaa cheupe. "Unisaidie kushuka. Leta bukari."

Nilipika palepale. Nilisonga unga mwingi, nikachoma samaki wawili wakubwa wa kwao, wale niliowaweka kwa ajili ya soko. Alikula uani, kwenye mkeka, kivuli cha kamioneti kimemfunika. Alikula kwa mikono yote miwili. Alikula mpaka mifupa, akalamba vidole, akaomba tena, na mimi nikamtilia tena, nasimama mbele yake kumtazama akimeza. Kila tonge lilinishusha mzigo. Gari lilikuwepo. Mama alikuwepo. Sikuwa naomba kitu kingine duniani.

Alipomaliza aliniangalia, kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye miguu yangu isiyo na viatu. Akaangalia sanduku juu ya gari. Akaniangalia tena.

"Weye njo ungeenea mule muzuri," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetazama nguo dukani.

Nilicheka. Nikamgeukia mume wangu ili tucheke pamoja. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama anakusanya mnyororo, pete kwa pete, polepole sana. Ndipo nilipomwona tena kule Kenya kwa fundi, anageuka kunitazama ng'ambo ya barabara, mkono wake usawa wa kifua, anausogeza juu kidogo. Na mimi nikimpungia kwamba ndiyo, nimemaliza.

"Baba ya batoto," nikamwambia, "fundi ulimupa kipimo ya nani?"

"Kipimo? Ilikuwa kipimo tu." Alikohoa. "Fundi aliuliza, nikaonyesha kile niliona mbele yangu." Akatupa mnyororo begani, akaenda kwenye boneti kurudisha kidole cha delko, na alikaa kule muda mrefu kwa kazi ya dakika moja.

Mama-mkwe wangu alisukuma sahani upande wangu. Kulikuwa kumebaki kipande cha bukari na nusu ya samaki, vyote nimevipika mwenyewe, kwa moto wangu, mbele ya macho yangu.

"Kula, mwana," akasema.

Nikamwambia nimeshiba. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.